Jinsi ya kuzuia uchafu wa paa usiingie kwenye tanki la maji ya mvua: mwongozo kwa nyumba za Goma

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekaza, nilifungua kifuniko cha tanki la lita 1,000 nyumbani kwa mama, huku Ndosho, mtaa wa Goma. Maji yaliyobaki yalikuwa kidogo tu, na kwa juu yalikuwa maangavu, ungeyanywa kwa macho. Nikazamisha mkono hadi chini. Vidole viliingia kwenye tope jeusi, laini kama unga wa muhogo uliolowa. Nilipoutoa mkono, nilikuta mishipa ya majani ya mwavoka (mparachichi) ambayo nyama yake ilishaoza, manyoya mawili ya ndege, mchanga mweusi wa lava, na mifupa myembamba ya mjusi. Nilipima tope kwa kijiti: sentimita 12. Robine, yaani bomba la kuchotea, ya tanki lile ilikuwa imefungwa sentimita 5 kutoka chini. Kwa hiyo miaka yote ile maji tuliyopikia yalikuwa yakipita katikati ya tope kabla ya kufika kwenye sufuria.

Tangu siku ile nimelibadilisha tanki la mama na nimesaidia majirani kadhaa kubadilisha ya kwao. Ninayoyaandika hapa ni yale yaliyofanya kazi kwenye nyumba zetu, za manjanja (mabati) na kuta za mawe ya lava, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuibeba.

Sababu ya kuhangaika yote haya sisi wa Goma tunaijua. Mji umekaa juu ya lava yenye matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, maji yanazama na kupotea. Hatuna mto unaopita mtaani. Bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, likikauka, inabaki bidoni, dumu la lita 20: ya kununua, ya kuletwa kwa chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma), au ya kuchotwa ziwani na watoto. Na wakati huohuo mbingu inatupa zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina paa la mita 48 za mraba, hivyo mvua moja ya milimita 10 inaleta lita 480. Toa yanayoruka nje na yanayolowesha bati, utabaki na kama lita 400, yaani bidoni 20. Mvua moja tu. Kuyaacha maji hayo yaharibiwe na majani na kinyesi cha kunguru ni hasara inayoniuma.

Kabla ya kushika msumeno, shika jambo hili moja, maana ndilo lililoongoza kila kitu kilichofuata. Uchafu unazuiwa hatua kwa hatua, kuanzia juu, na kila kizuizi lazima kiwe mahali ambapo mkono unafika bila shida. Kizuizi kinachohitaji ngazi hakitasafishwa. Wiki ya kwanza utapanda, ya pili utapanda, mwezi wa tatu utasema kesho. Nimeona nyumba zenye wavu mzuri wa gharama juu kabisa ya mfereji, na ndani ya wavu huo nyasi zimeota.

Hatua ya kwanza: tazama kinachoanguka

Simama nje, tazama paa lako na vilivyolizunguka. Kama una mti wa avoka au mkaratusi, adui wako ni majani na matawi madogo. Kama kuna nyaya za umeme au antena juu ya paa, ndege wanatua hapo, na kinyesi chao ndicho kinachobeba vijidudu vya kuharisha. Kama jirani anapikia makala (mkaa) upande ule upepo unakotoka, una masizi. Nyumba iliyo kando ya barabara isiyo na lami ina vumbi la lava, na vumbi hilo ni baya kuliko majani kwa sababu linapita kwenye wavu wowote.

Halafu kuna volkano. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi hata siku ambazo hakuna anayezizungumzia, na mara nyingine majivu. Gesi hiyo ikikutana na mvua inaitia asidi, ndiyo maana manjanja yetu yanashika kutu upesi na wavu wa chuma cha kawaida unaoza mapema. Zaidi ya hapo, majivu na mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano hubeba floridi, ile inayotia meno madoa ya kahawia kwa watoto. Moshi huo mara nyingi unaelekea magharibi, upande wa Rusayo na Sake, lakini upepo hugeuka. Nitarudi kwenye majivu, maana yana kanuni zake.

Hatua ya pili: paa lenyewe

Kata matawi yanayoning'inia juu ya bati. Acha nafasi ya mita mbili angalau kati ya tawi na ukingo wa paa. Hiyo pia inawazuia panya. Sijawahi kuona chujio linaloshinda panga kwa kazi hii.

Fagia paa likiwa kavu, mwishoni mwa Agosti, kabla ya mvua za Septemba, na tena Februari kabla ya mvua kubwa za Machi na Aprili. Ukipanda, kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake kuna mbao. Katikati ya bati lililochoka utapita moja kwa moja. Tazama nyaya kwanza. Mitaani mwetu kuna nyaya zilizounganishwa kiholela zinazolala karibu kabisa na bati, na bati ni chuma. Ukiona waya umegusa paa, usipande, tafuta fundi wa umeme.

Bati lenye kutu nyingi litaendelea kumwaga unga mwekundu. Likiwa linahitaji rangi, muulize muuzaji rangi isiyo na madini ya risasi, na maji ya mvua mbili tatu za kwanza baada ya kupaka yasiingie kwenye tanki.

Hatua ya tatu: mfereji

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, na kosa ni lilelile: mfereji umelala sawa kabisa kwa sababu kwa macho unapendeza. Maji yakisimama, majani yanazama, vumbi linatulia, na ndani ya wiki mbili una bustani na mbu. Mfereji unahitaji mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Kwa mfereji wa mita 8, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 8 kuliko mwanzo wake. Vuta kamba, tumia pima maji, weka alama kwenye ubao wa ukingo wa paa kabla ya kupiga msumari wa kwanza.

Vishikio viwe kila sentimita 60 hadi 80. Ukiviachanisha zaidi, mfereji utapinda katikati siku ukijaa, na pale ulipopinda ndipo tope litakapokaa. Umbo la nusu duara linajisafisha vizuri kuliko la pembe nne kwa sababu hata maji machache yanakusanyika katikati na kusukuma mchanga. Kwa ukubwa, kanuni ninayotumia ni sentimita 1 ya mraba ya uwazi wa mfereji kwa kila mita 1 ya mraba ya paa inayomwagia humo. Upande mmoja wa paa letu ni mita 24 za mraba, hivyo mfereji wa nusu duara wenye upana wa sentimita 10, ambao uwazi wake ni karibu sentimita 39 za mraba, unatosha na kubaki. Bati liingie juu ya mfereji sentimita 3 hadi 5. Likiingia mno, mvua ya nguvu itaruka ng'ambo. Likipungua, maji yatarudi nyuma kwenye ubao na kuuozesha.

Watu wananiuliza kuhusu kufunika mfereji wote kwa wavu. Sipendi. Majani yanalala juu ya wavu, yanalowa, yanashikana kama mkeka, kisha maji yanateleza juu yake na kumwagika chini. Vumbi na majivu yanapita kama kawaida. Na ili kuusafisha unahitaji ngazi mita kwa mita. Acha mfereji wazi, wenye mteremko mzuri, uuache usukume uchafu wake hadi mahali ambapo unaweza kuukamata.

Hatua ya nne: wavu wa mteremko, pale mkono unapofika

Mahali pa kuukamata ni kwenye bomba la kushusha maji ukutani. Mfereji wetu uko mita 2.5 kutoka chini. Tanki la lita 1,000 juu ya msingi wa mawe linafika kama mita 1.6. Kati ya hapo kuna nafasi ya kukata bomba kwenye mita 1.9 hivi na kuweka kisanduku kilicho wazi, chenye wavu uliolala kwa mteremko mkali. Mtu mzima akisimama chini anaufikia.

Kazi yake ni hii: maji yanaanguka kutoka juu juu ya wavu ulioinama. Maji yanapenya na kuendelea chini, majani yanateleza juu ya wavu na kuangukia nje, kwenye udongo. Mteremko uwe nyuzi 45 au zaidi. Ukiulaza chini ya hapo, majani yanakaa. Matundu ya wavu huu yawe milimita 4 hadi 6. Usishawishike kuweka wavu wa mbu hapa. Mvua kubwa ya Goma inaanguka kwa kishindo, wavu mdogo unakataa maji na utapoteza nusu ya mavuno yako. Wavu wa mbu una mahali pake baadaye.

Nunua wavu wa chuma kisichoshika kutu kama unaweza. Ule wa mabati niliouweka mara ya kwanza uliliwa na kutu baada ya mvua za misimu michache, na vipande vyake vikawa uchafu mpya. Wavu mgumu wa plastiki unafaa pia, ila jua linaukausha, kwa hiyo uangalie kila mwaka. Usiugundishe. Ukae kwenye vijiti viwili uweze kuuchomoa, kuupiga ukutani mara mbili na kuurudisha.

Jambo dogo lenye faida kubwa: kwenye kona za bomba, tumia kona mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90. Majani yanayonusurika hukwama kwenye kona kali.

Hatua ya tano: tupa maji ya kwanza

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo inayorukwa na wengi, kwa sababu kumwaga maji katika mji usio na maji kunauma.

Nilifanya jaribio moja kwa ajili ya fundi aliyekuwa akinisaidia. Tulikuwa tumemaliza kufunga bomba, nikamwambia lita 47 za kwanza za kila mvua zitatupwa. Akaniangalia. "Yaya, maji yote haya utayamwaga? Bidoni mbili na zaidi?" Nikamwambia asubiri mvua. Haikuchelewa, ilinyesha jioni ileile baada ya siku nne kavu. Tulichukua chupa tano za plastiki, tukakinga kwenye bomba: ya kwanza maji yalipoanza kutoka, kisha baada ya dakika mbili, tano, kumi na ishirini. Tukazipanga juu ya ukuta. Ya kwanza ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini yake mchanga ulishatulia. Ya pili ilikuwa kama chai nyepesi. Ya tatu ilikuwa na ukungu tu. Ya nne na ya tano, ungezichanganya usingejua ipi ni ipi. Fundi alichukua ile ya kwanza, akaitikisa, akainusa, akairudisha ukutani. Hakuuliza tena, na kesho yake aliniomba vipimo akafunge kwa shemeji yake.

Kiasi cha kutupa: nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa ni kiwango cha chini, kwa mahali pasafi. Kwa Goma, na vumbi letu, natumia lita 1 kwa mita ya mraba. Baada ya kiangazi kirefu, lita 2. Kwa paa la mita 48 za mraba hiyo ni lita 48, au 96 kwa mvua ya kwanza ya Septemba.

Kuna njia mbili za kufanya hivyo.

Ya kwanza haigharimu karibu chochote. Bomba linaloelekea kwenye tanki limalizie na kona isiyogundishwa, inayozunguka kwa mkono. Ukiizungusha upande huu, maji yanaingia tankini; upande ule, yanamwagika nje. Siri yake ni kuiacha kila siku ikiwa imeelekea nje. Mvua ikianza, subiri dakika kumi na tano hadi ishirini, kinga maji kwenye kikombe cheupe, yakiwa maangavu zungusha kona iingie. Mvua ikiisha, irudishe nje. Utapoteza mvua za usiku ukiwa umelala, ni kweli. Lakini ukiiacha imeelekea ndani kila siku, mvua za usiku ndizo zitakazokujazia tope. Mama alitumia njia hii mwaka mzima na maji yake yalikuwa safi kuliko yangu.

Ya pili inajiendesha. Kutoka kwenye kisanduku cha wavu, bomba la milimita 110 linashuka wima. Weka kiungio cha umbo la T kwenye usawa ulio juu kidogo ya mdomo wa tanki: tawi la pembeni linakwenda tankini, na shina linaendelea kushuka hadi karibu na ardhi, kisha linakata kona na kulala kando ya msingi wa nyumba, limezibwa mwisho kwa kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha. Maji ya kwanza yanakimbilia chini na kujaza shina hilo. Likijaa, hayana pa kwenda isipokuwa kupitia tawi la pembeni. Yale machafu yamebaki chini.

Bomba la milimita 110 linabeba kama lita 8.5 kwa kila mita. Mita 1.5 ya wima na mita 4 za kulala ni mita 5.5, yaani karibu lita 47. Bomba la mita 6 likikatwa linatosha. Ninasisitiza hesabu hii kwa sababu nimeona mabomba ya wima ya mita moja yakiitwa vitupa-maji: hayo yanabeba lita 8 na nusu, ambazo kwa paa kama letu ni chini ya robo lita kwa mita ya mraba. Yanamtuliza mwenye nyumba tu. Pipa la wazi nalo halifai, maana litafurika kabla maji hayajapanda hadi kwenye T.

Sehemu iliyolala iwe na mteremko kuelekea kwenye kifuniko ili tope lisogee huko. Kwenye kifuniko toboa tundu la milimita 2, juu kidogo ya sakafu ya bomba, mchanga usilizibe. Kwa tundu hilo bomba linajimwaga lenyewe kwa saa chache na kuwa tayari kwa mvua inayofuata, na wakati wa mvua linapoteza maji kidogo tu. Funga msumari mwembamba kwa kamba pembeni yake, wa kuzibulia. Tundu likiziba, bomba linabaki limejaa maji machafu, mvua inayofuata inapita moja kwa moja tankini, na hutajua. Kwa hiyo baada ya kila mvua tazama kama linadondosha. Ni sekunde tatu unapopita kwenda sokoni.

Wengine wanaweka mpira unaoelea ndani ya shina uzibe chini ya T likijaa. Unasaidia maji machafu yasichanganyike na yanayopita juu, lakini usipokaa sawa unakwama. Mimi niliuondoa.

Maji yanayodondoka yaelekeze kwenye migomba au kwenye ndoo ya kupigia deki.

Hatua ya sita: tanki

Hapa sasa ndipo mahali pa wavu mdogo. Mdomo wa tanki uwe na kikapu chenye wavu wa mbu, matundu ya milimita 1 au chini yake, na bomba la kufurikia liwe na wavu uleule. Bila huo wa pili, mbu, mijusi na panya wanaingia kwa mlango wa nyuma. Kifuniko kizibe kabisa, na tanki liwe lisilopitisha mwanga. Tanki jeupe lenye kupenyeza jua linaota ukijani.

Vumbi jembamba litapita hata kwenye wavu wa mbu. Hilo unalishughulikia kwa utulivu wa maji. Bomba la kuingizia lisimwage kutoka juu kama maporomoko. Lishushe hadi karibu na sakafu ya tanki, kisha mwisho wake uugeuze kwa kona utazame juu. Maji yanaingia polepole, na vumbi lililolala halitibuliwi. Robine ya kuchotea iwe sentimita 15 juu ya sakafu, au, bora zaidi, funga mpira laini unaoelea ndani, unaochota maji sentimita chache chini ya uso. Na robine ya pili iwe chini kabisa, ya kutolea tope peke yake. Hiyo ifunguliwe dakika moja kila mwezi, asubuhi, kabla mtu hajachota.

Siku ya majivu

Mei 2021, baada ya lava ya Nyiragongo ya tarehe 22, majivu yaliendelea kuanguka juu ya mji. Tarehe 27 amri ya kuhama ilipotoka, tulibeba watoto na magodoro tukaenda Sake, na hakuna aliyekumbuka bomba la tanki. Tuliporudi maji yalikuwa ya kijivu, na ulimi ulipoyagusa yalikuwa makali. Tuliyamwaga yote.

Kwa hiyo: ukisikia kwamba kuna majivu, au ukiyaona kwenye majani ya migomba, kitu cha kwanza ni kutenganisha bomba na tanki na kuziba mdomo wa tanki. Usingoje mvua. Majivu yakishakoma, funga kitambaa puani, yaloweshe kidogo tu yasipeperuke, yafagie, yazoe kwenye gunia. Usiyasukume kwa maji kuelekea kwenye mfereji. Yatashikana humo kama simenti. Na usiyaache yarundikane, kwa sababu majivu yaliyolowa ni mazito na paa dhaifu linaweza kushuka. Baada ya kufagia, acha mvua mbili nzito zipite nje kabla ya kurudisha bomba.

Na wavu hauzuii floridi, kwa kuwa imeyeyuka ndani ya maji. Kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza, maana maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukiishi upande ambao moshi wa volkano unapita kila mara, tumia maji ya mvua kwa kufua, kuoga na kusafisha nyumba, na ya kunywa ya watoto wadogo yatafute kwingine hadi yako yapimwe.

Kwa sisi wengine, maji yaliyopita hatua zote hizi bado yanachemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa. Kunguru mmoja anatosha. Ila kuchemsha maji maangavu na kuchemsha chai ya majani na tope ni vitu viwili tofauti, na dawa ya klorini inafanya kazi vizuri pale tu ambapo hakuna uchafu wa kuimaliza nguvu.

Kuosha tanki

Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua. Fungua robine ya chini, sugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu, suuza, toa. Tanki la plastiki la juu ya ardhi unaliosha ukiwa nje.

Tanki la kuchimbwa chini ni jambo jingine, na hapa nakuomba kwa moyo wote usifanye haraka. Watu wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa nzito inayokaa mabondeni na mashimoni na kuua mbuzi, mbwa na watu bila harufu. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, na shimo la saruji lililofunikwa linaweza kuikusanya. Usimshushe kijana humo akiwa peke yake, hata kama jana aliingia akatoka salama. Mshumaa unaoendelea kuwaka hauthibitishi kwamba hewa ni nzuri. Toa maji na tope kwa pampu ukiwa juu, osha kwa brashi ndefu na maji ya kumwagia. Kama haiwezekani kabisa bila kuingia, acha kazi hiyo kwa watu wenye vifaa vya hewa.

Kwa mama, tulipaka mstari wa rangi nyeupe juu ya ile kona isiyogundishwa. Mstari ukitazama ukuta, maji yanakwenda nje. Ukitazama tanki, yanaingia. Mama haoni vizuri jioni, lakini mstari ule anauona, na jirani akipita wakati hayupo anajua afanye nini.